Nalipia Kuchelewa

Kuna gari linauzwa kwa sifa ya kuchelewa. Sikutanii, jirani. Hapa Katwe ukichelewa unakatwa mshahara, unakosa teksi, unakuta rolex, zile chapati za mayai, zimeisha na mchoma chapati anakuangalia kwa huruma. Wenzetu huko ng'ambo wameuchukua uchelewaji, wakaufungia kwenye boksi, wakabandika picha ya Land Rover juu yake, wakaweka bei kwa dola. Na mimi, mtu wa Mwanza niliyekuja Kampala kuuza pampu za maji, nikalitaka. Pampu zenyewe haziuziki. Ila kutaka hakuna kodi.

Gari lenyewe ni la rimoti. Siyo yale yanayozunguka sebuleni yakigonga miguu ya wageni. Hili kazi yake kupanda mawe. Magurudumu yote manne yanavuta. Tairi ni laini, ndani lina sponji, likifika kwenye jiwe linabonyea na kung'ang'ania. Ekseli inainuka upande huu na kushuka upande ule, gari halishtuki. Gia ni za chini kabisa. Ukiachia kifyatulio kwenye mteremko linagota palepale, halirudi nyuma hata upana wa kidole. Mchezo mzima ni kutoka jiwe hili kwenda jiwe lile bila kupinduka. Basi. Ndiyo hivyo. Watu wazima wanajaza wikendi nzima kwa kazi hiyo.

Nililiona kwenye simu. Usiku, umeme umekatika, chaji imebaki asilimia 9, na badala ya kuzima nilale nikabaki namtazama mzee wa Kizungu mwenye ndevu akiendesha Defender ndogo kwenye kijito. Hasemi neno. Maji yanapita. Hakuna anayempigia honi. Nirudie: hakuna anayempigia honi! Mimi naishi kando ya Entebbe Road, bwana. Napigiwa honi nikiwa nimekaa. Nikasema hii ndiyo dawa yangu.

Tatizo la Katwe, ukiwaza kitu kwa sauti kidogo tu, tayari kimeshaundiwa kamati. Mtaa wote huu, kutoka Clock Tower mpaka unaikaribia Kibuye, ni karakana. Chuma kinalia tangu alfajiri. Huyu anachomelea geti, yule anakata bati la sigiri, wa tatu anaunda mashine ya bisi, wa nne ana kinu cha mahindi kinachongoja rangi. Watu wanaojua kutengeneza vitu hawana subira na mtu anayetaka kununua. Hasa akiwa hajui anachotaka kununua.

Nikaenda kwa Haji. Haji ni mkerezaji, ana mashine ya lezi yenye umri mkubwa kuniliko, na kila ushauri wake unakuja na vumbi la chuma. Nikamweleza. Akanisikiliza akiwa anakereza. Halafu akauliza, sauti ya chini kabisa:

"Ssebo, Makerere mwaka 2011 waliunda Kiira EV. Gari la umeme, la watu wawili. Watu wakapanda. Hili lako anapanda nani?"

"Hapandi mtu, Haji."

"Linabeba nini?"

"Halibebi."

"Linakimbia?"

"Halikimbii. Ndiyo uzuri wake."

Akazima mashine. Haji hazimi mashine hata mwenye deni lake akija. Akaita karakana ya jirani, na ya pili yake. "Njooni, njooni! Sema tena, ssebo. Sema tena kuhusu uzuri wake."

Ningetegemea mtaa huu unielewe, maana umepata jina duniani kwa mchezo wa polepole. Si ndiyo mtaa wa Phiona Mutesi, yule binti wa sataranji? Filamu yake, Queen of Katwe, ilitoka mwaka 2016, Lupita Nyong'o akaigiza mama yake. Wageni wanashuka hapa na kamera kwenda kutazama watoto walionyamaza mbele ya farasi wa mbao. Nikawaambia, mnaona? Polepole ina heshima. Wakanijibu kwamba Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye olimpiki za sataranji. Wewe na kigari chako mtaiwakilisha nini? Nikakosa jibu. Nikanunua soda.

Nikawaletea hoja ya Kenya. Kule wana Rhino Charge, tangu mwaka 1989. Magari ya kweli, yenye watu ndani. Mnapewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia, na anayeshinda siyo mwenye mbio. Anashinda aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Wengine wanalizunguka jabali, yeye anapita juu yake. Hela zinazochangwa zinakwenda kuhifadhi misitu, zimejenga uzio wa Aberdare. Nilipofika kwenye uzio nikaona nyuso zinalainika. Nikajua nimewapata.

"Zao zinakwenda msituni," Haji akasema. "Zako zinakwenda wapi?"

Nikaachana nao. Nikaanza kuchagua peke yangu, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu watu waliotengeneza haya magari hawakumfikiria mtu wa Mwanza.

Kwanza saizi. Wanaandika 1:10, 1:18, 1:24. Nikadhani ni muda wa kipindi. Kumbe ni vipimo: sentimita 10 za gari la kweli zinakuwa sentimita 1 kwenye hilo la 1:10. Sawa. Nikaangalia Traxxas TRX-4, lile la 1:10 lililotoka mwaka 2017 na bodi ya Defender. Lina urefu zaidi ya nusu mita. Nalipenda. Lakini mimi nakaa muzigo, chumba kimoja: kitanda, sigiri, madumu ya maji, na pampu moja ya maonyesho ambayo haijawahi kuonyesha kitu. Nikapima kwa rula kati ya kitanda na pampu. Nalongo, mama mwenye nyumba, akapita mlangoni, akauliza napima nini. Nikamwambia.

"Hilo ni mpangaji wa pili," akasema. "Litalipa kodi yake."

Nalongo hatanii kuhusu kodi. Nikashuka saizi.

Kwenye 1:24 kuna Axial SCX24. Linakaa kiganjani. Uzuri wa hivi vidogo, jiwe lolote ni mlima. Tofali ni Rwenzori. Huhitaji kusafiri, unamwaga kokoto mlangoni na una mbuga nzima. Ubaya wake, jiwe lolote ni mlima. Ganda la ndizi ni ajali. Katikati yake kuna 1:18, na hapo Traxxas walileta TRX-4M mwaka 2022, Defender au Bronco, utachagua mwenyewe. Chagua mwenyewe! Mtu ambaye kwenye mgahawa anasema "niletee chochote" leo anaambiwa achague mwenyewe.

Pili, hilo neno tayari. Kwenye boksi wameandika gari liko tayari kukimbia. Kwanza halikimbii, tumeshaelewana. Pili, mengi ya yale makubwa ya 1:10 ukifungua boksi hukuti betri wala chaja. Vinauzwa kando. Nalongo akiniambia chai tayari, nakuta chai. Hawa wanakuambia tayari, unakuta kikombe. Vidogo ndivyo vyenye haya: SCX24 na TRX-4M vinakuja na betri na chaja yake ya kuchomeka kwenye USB.

Kuna wengine wanasema usinunue lililoungwa, nunua vipande uunge mwenyewe, utajifunza. Nashukuru. Kitanda changu nilikiunga mwenyewe. Ndiyo maana godoro liko chini.

Tatu, mota. Wanataja idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota. TRX-4 kubwa ina mizunguko 21. TRX-4M ndogo ina 87. Nani asingejua kwamba 87 ni zaidi ya 21? Nilipita karakana zote nikitangaza kwamba kigari kidogo kina nguvu ya mbio mara nne ya kikubwa, kwa bei nafuu, na Wazungu hawajagundua. Fundi mmoja wa kusuka mota, kijana tu, mwenye kaptula, akaniuliza kama nimewahi kuona mota ndani. Nauza pampu, nikamwambia kwa hasira. Ndani ya kila pampu kuna mota. "Ndiyo," akasema, "nimekuuliza umewahi kuiona?" Mizunguko ikiwa mingi mota inazunguka polepole na kusukuma taratibu. Ikiwa michache inafyatuka. Kila mtu pale alikuwa anajua. Hata anayeuza maji ya vifuko alikuwa anatikisa kichwa.

Nne, betri, na hapa nakuomba ukae. Ni za lithiamu, wanaziita LiPo. Chumba kimoja cha betri ni volti 3.7, viwili vinakupa 7.4. Ikijaa, kila chumba kinafika 4.2, usizidishe. Ikishuka chini ya 3 inakufa, usiache. Ikivimba usiiguse. Ikitobolewa inawaka. Na usiichaji umelala. Usiichaji umelala! Umeme wa kwangu huwa unarudi saa nane usiku. Kwa hiyo mimi nakaa kwenye stuli, macho mekundu, nailinda betri yenye ukubwa wa biskuti isije ikateketeza nyumba ya Nalongo. Watoto wangu mwenyewe sikuwahi kuwakeshea hivyo. Mama yao anazo kumbukumbu.

Nikachoka na dola. Nikasema niende mjini, kwenye maduka yale ya ghorofa yanayouza kila kitu cha plastiki. Nikaongozana na mapacha wa Nalongo, Wasswa na Kato kama mapacha wote wa kiume wa Kiganda, wako P4, darasa la nne, mama yao alinibandika wao nisije nikapotea. Nikaliona pale pale. Jeep! Rimu za dhahabu, taa za bluu, tairi za kimo cha sufuria, linapiga muziki. Boksi limeandikwa maneno ya kupanda milima. Elfu themanini. Nikatoa hela kabla muuzaji hajamaliza sentensi, maana kitu kizuri hakingoji.

Kato akachukua rimoti. Akapiga kushoto. Tairi zikaenda kushoto mpaka mwisho. Akajaribu kushoto kidogo. Zikaenda kushoto mpaka mwisho. Akagusa mafuta kidogo. Likaruka kama limeng'atwa. Akaachia.

"Hili halina kidogo," Kato akasema. "Linajua ndiyo na hapana."

Wasswa akaegemeza ubao, akalipandisha, akaachia rimoti. Likarudi nyuma mpaka kwenye viatu vya mteja. Halafu Kato, mtoto wa P4, akamuuliza muuzaji: "Spea zake mnauza?" Muuzaji akacheka mpaka akashika kaunta. "Spea? Likiharibika unanunua lingine!" Mapacha wakatazamana. Wakanitazama mimi. Nami nikatazama karatasi ukutani iliyosema mali ikishauzwa hairudishwi.

Lilikufa kwenye ngazi ya kwanza ya nyumba. Siyo jabali. Ngazi. Haji akalifungua kwa bisibisi moja, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana chai. Gia za plastiki nyeupe, meno yamelika. Kipokezi cha rimoti, usukani na mota vyote vimeunganishwa kwenye kibao kimoja, kikiungua kimoja vimeungua vyote. Hakuna kinachochomoka, hakuna kinachouzwa peke yake. Ndiyo tofauti yenyewe, jirani, na hakuna aliyeiandika kwenye boksi. Gari la mchezo wa kweli linauzwa mara mbili: mara moja likiwa zima, na mara ya pili likiwa vipande, mpaka skrubu ina namba yake.

"Sasa sikia," Haji akaniambia, na nilijua kamati imekaa. "Kila siku unaniambia lipi linapanda. Mimi usiniambie lipi linapanda. Niambie likivunjika kinavunjika nini, na nitakitoa wapi."

Hili swali wasomi wote wa kwenye simu hawakuniuliza. Wao wako karibu na duka. Sisi tuko karibu na Haji. Akachukua chaki, akaandika sakafuni. Vile vijiti vinavyoshikilia ekseli, vikipinda? "Spoku za bodaboda. Nakukatia, natia nyuzi, bei ya soda." Pini za propela? "Misumari." Uzito wa kuweka chini ili lisipinduke? "Bomba bovu la maji, lile la brasi. Nakereza." Bodi ikipasuka? "Wasswa ana gundi." Gia za ndani? Hapo akanyamaza. Akavaa miwani, akaitazama picha kwenye simu, akaikuza, akavua miwani. "Meno madogo mno. Hizo sikukatii. Hizo unaagiza, na unaagiza pamoja na gari, siyo baada ya kilio." Na ile mota ndogo ya kukata kona, sevo? "Unaagiza. Yenye gia za chuma. Ikibanwa na jiwe wewe ukaendelea kukazana, ya plastiki inameguka." Akanitazama. "Na wewe utaendelea kukazana."

Kwa hiyo kigezo cha Katwe ni hiki, na nakupa bure kwa sababu mimi nimekilipia: chukua gari ambalo watu wengi duniani wanalo, ili vile Haji asivyoweza kuvichonga viwe vinauzwa kwa bei ya kawaida, na vile vingine vyote viwe vya kuchongeka. Ukipata rangi nzuri juu yake, shukuru Mungu.

Haji mwenyewe alitaka lile la Kichina, WPL C24, la 1:16, lenye sura ya Hilux. Chini ya dola 50, spea zimejaa sokoni, plastiki nyingi ila unabadilisha taratibu. "Hilo nalijua," akasema, "propela yake nimeshachomelea." Nikamwambia Haji, uliyochomelea ni ya Hilux ya kweli. Akasema propela ni propela. Nalongo alitaka SCX24 kwa sababu ndilo dogo na halitagonga sufuria zake. Mapacha walitaka TRX-4M, Defender, 1:18. Mimi nilitaka TRX-4 kubwa. Wakapiga kura. Mimi nilikuwa nimetumwa kununua vocha. Niliporudi TRX-4M imeshapita.

Dola 150 na kitu. Kwa shilingi ya Uganda ni zaidi ya laki tano, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, kabla ya VAT ya asilimia 18. Nikaagiza. Gia za akiba, sevo ya chuma, na betri ya pili. Nikajaza anwani: Katwe, Uganda. Kifupi, safi. Kwani kuna mtu asiyeijua Katwe?

Wapo. Kuna Katwe nyingine, jirani! Iko wilaya ya Kasese, huko magharibi kabisa, ziwani, wanakovuna chumvi. Mpeleka mizigo akanipigia akiwa njiani kuelekea kule. Ananiuliza niko upande gani wa ziwa. Nikachungulia nje. Mvua ilikuwa imenyesha, mfereji umefurika, maji yako kwenye kizingiti. Nikamwambia niko upande huu. Tukaelekezana kwa muda mrefu sana, kila mmoja akiona maji.

Likafika. Karakana zikasimama. Haji akapanga mawe ya msingi, vipande vya chesisi, rimu ya lori, akamwaga changarawe. Mimi kabla ya kutoka nilikuwa nimelipamba: keria juu ya paa, vidumu vidogo vyekundu, koleo, kamba, tairi la akiba. Lilipendeza mno. Nikaliweka kwenye jiwe la kwanza. Likapanda nusu. Likafikiri. Likalala ubavu. Nikalisimamisha. Likalala ubavu wa pili. Wasswa akaja bila kuombwa, akang'oa keria yote, vidumu vyote, akaninyooshea nishike. Uzito juu ni kifo, akasema. Akaenda kwa mziba pancha akaokota zile risasi za kubalansi magurudumu, akazibandika ndani ya rimu za mbele. Likapanda jiwe lilelile likiwa linapiga miayo. Mimi nimeshika vidumu.

Halafu kona. Difu za gari hili zimefungwa, tairi la kushoto na la kulia yanazunguka sawasawa, ndiyo maana hayatelezi kwenye jiwe. Ila kukata kona linahitaji uwanja wa mpira. Na likigeuka likawa linakuja kwangu, kushoto kunakuwa kulia. Hilo nani alipitisha? Naliita lije, napiga kushoto, linakwenda kulia, naongeza kushoto, linaongeza kulia, linatoka karakana, linaingia barabarani. Polepole. Ndiyo aibu yake. Gari la mbio likikuponyoka unasema lilikuwa na mbio. Hili niliona kila hatua, watu wote waliona kila hatua, na bado sikulizuia. Kuku wa Nalongo alilipita. Bodaboda mmoja akasimama, akazima pikipiki, akaliangalia linavyovuka mbele yake, akaniuliza kama ninahitaji msaada.

Mapacha wakanipokonya rimoti kwa adabu. "Tukusaidie, taata." Kato hata hatazami rimoti. Anachuchumaa, anaangalia tairi, anagusa, anaacha, anagusa. Likapanda chesisi, likashuka kwenye rimu ya lori, likapita. Tangu hapo viwanja vyao ni mashimo ya barabarani. Unakumbuka mwaka 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alivyoanzisha maonyesho ya mashimo ya Kampala mitandaoni, watu wakamwaga picha? Kumbe tulikuwa tunalalamikia viwanja vya kimataifa. Wazungu wanalipa wapangiwe mawe. Sisi tumepangiwa.

Ningeishia hapo na aibu ya kawaida, nimeizoea. Lakini hii ni Katwe. Kitu kisicho na kazi hapa hakilali njaa, kitatafutiwa. Fundi wa umeme wa karakana ya tatu alikuwa na bomba refu chini ya sakafu ya zege, anataka kupitisha waya, na fimbo yake inagota katikati. Haji akamwambia ngoja. Wakafunga uzi nyuma ya Defender yangu. Kato akalielekeza kwenye mdomo wa bomba, akawasha taa zake, akabonyeza. Likaingia gizani. Halikimbii, halirudi nyuma, halichoki. Likatokea upande wa pili na uzi wake. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Watu wakapiga makofi. Fundi akatoa hela.

Sasa lina ratiba. Mabomba, mifereji, dari za maghala. Kato ni dereva. Wasswa ni fundi wa njiani, ana mkanda wa bisibisi. Haji ni gereji, anakata asilimia zake. Nalongo ni meneja, simu za wateja zinaingia kwake. Mimi nabeba betri ya pili, chupa ya maji ya dereva, na vile vidumu vyekundu ambavyo hakuna aliyeniambia niviweke wapi. Mtaa mzima unaniita taniboi. Mteja mmoja wa pampu, mteja wa kweli, alinikuta nimelala kifudifudi nikimulika bomba kwa tochi, akaahirisha oda.

Nikaenda kwa Haji kudai fungu langu. Gari ni langu, nikamwambia. Ushuru nimelipa mimi. Akapuliza vumbi la chuma.

"Ssebo, taniboi halipwi na gereji. Taniboi analipwa na dereva. Kaongee na dereva wako."

Nimeongea naye. Alikuwa anafanya hesabu za shule, akaniambia nisubiri nje. Amesema ataniangalia mwezi huu kwanza, aone kama nina nidhamu.